Kuiba Mchana Kweupe

Katika poka ya Texas Hold'em kila mgao huanza na dau la lazima. Wawili wanaokaa kushoto kwa kitufe cha mgawaji huweka fedha kabla hawajaona karata zao, tuseme 100 (dau dogo) na 200 (dau kubwa). Hizo 300 zipo pale mezani, hazina mwenyewe. Ustadi ninaoupenda kuliko wote katika mchezo huu ni wa kuzichukua kabla karata hata moja haijafunuliwa: unapandisha dau, wote wanatupa, unavuta chipu.

Wengi huiba wakiwa kwenye kitufe chenyewe. Mimi nasifu viti viwili vinavyokitangulia. Anayekaa kwenye kitufe hutazamiwa aibe, na hata akishika jozi ya ree, mwenye dau kubwa humshuku na kumfuata. Dau hilohilo likitoka kiti kimoja au viwili kabla linaaminika, kwa sababu mtu mwenye wachezaji watatu au wanne ambao bado hawajaamua hudhaniwa kuwa ameshika kitu.

Ila imani hiyo ina gharama. Ukiweka 500 ili uchukue 300, unahitaji kufaulu mara 5 katika kila 8, hata bila kutegemea karata zako. Ukiwa kiti cha kabla ya kitufe, wamebaki watatu, na kila mmoja hana budi kutupa karata zaidi ya mara 85 katika 100. Rudi kiti kimoja zaidi na wanakuwa wanne. Sasa kila mmoja atupe karibu mara 89. Kwenye karatasi pengo hilo ni dogo. Mezani ni mtu mmoja zaidi, mwenye hasira zake, uchovu wake na rundo lake la chipu.

Ndiyo maana mwizi hodari hutazama watu kabla ya karata. Nani kushoto kwake amekwisha kuzishika karata kama anayetaka kuzirusha? Mwenye dau kubwa amebakiwa na chipu ngapi? Mwenye chipu chache sana haibiwi, maana ataweka zote. Kisha ndipo karata: ree moja mkononi mwako hupunguza njia za mwingine kushika jozi ya ree kutoka 6 hadi 3. Na wote walio kati yako na wenye madau ya lazima wakitupa, wewe ndiwe utakayeamua mwisho katika kila duru inayofuata hadi mgao uishe. Hiyo ni faida kubwa hata ukifuatwa.

Aliyenifundisha kuiona thamani ya sifa mezani ni Dan Harrington, bingwa wa dunia wa 1995, aliyejulikana kwa kungoja karata nzuri. Katika meza ya mwisho ya mashindano ya dunia ya poka huko Las Vegas mwaka 2004, Greg Raymer alipandisha dau, Josh Arieh akalifuata, naye Harrington akalipandisha tena akiwa na 6 na 2 tu. Hakuwa akiiba madau ya lazima tu, lakini mtaji ulikuwa uleule: miaka mingi ya kutupa karata mbovu bila kunung'unika. Wote walitupa. Raymer ndiye aliyeibuka bingwa mwaka ule, lakini mgao ule ulikuwa wa Harrington.