Kiti cha Jukwaani na Deni la Kuitikia

Wahakiki wetu wa sanaa za maonyesho wamezoea kuuliza mtunzi amesema nini na amekisema kwa fani gani. Swali la hadhira ilikaa wapi huachiwa wapanga viti. Makala haya yanalishika swali hilo. Hivi karibuni kikundi cha wanafunzi kilitoa onyesho la Nguzo Mama katika ukumbi mmoja wa chuo upande wa Usa River, chini ya Mlima Meru, na watazamaji wapatao thelathini tukapandishwa jukwaani. Tulikaa kwenye viti vya plastiki, safu mbili kushoto na mbili kulia, waigizaji wakicheza katikati yetu, hadhira kubwa ikitutazama kutoka ukumbini. Hoja yangu ni kwamba kiti cha jukwaani hakimwingizi mtazamaji katika mchezo mpaka anayekikalia apewe deni la kuitikia.

Nguzo Mama ya Penina Muhando, iliyochapishwa mwaka 1982, wengi wetu tunaijua. Wanawake wa kijiji cha Patata wanahangaika kuisimamisha nguzo, lakini kila mmoja ana lake linalomvuta kando, na nguzo haisimami. Bi Msimulizi anatuongoza kwa hadithi na nyimbo. Kikundi hiki kiliongeza nyimbo na ngoma hadi mchezo ukawa wa kuimbwa karibu mwanzo hadi mwisho. Hapo hawakukosea hata kidogo, maana mbegu ya wimbo imo ndani ya tamthiliya yenyewe.

Nianze na faida ya kiti kile. Ukiona vyaelea vimeundwa, nasi tulikaa palepale panapoundwa. Mpiga ngoma hakumtazama Bi Msimulizi usoni. Alikitazama kisigino chake. Kisigino kikinyanyuka, mdundo unabadilika. Niliwaona pia wanawake wa kwenye kamba wakivuta pumzi pamoja kabla ya kiitikio, na yule aliyechelewa kuvuta pumzi ndiye ambaye kamba yake ililegea. Kumbe katika onyesho hili kuimba pamoja na kuvuta pamoja ni tendo moja. Dhamira ya umoja, ambayo darasani tunaitaja kwa mstari mmoja tu, hapa ilikaa katika vifua vya watu. Aliyekaa safu ya kumi sidhani kama aliiona.

Sasa hasara. Bi Msimulizi aliimba akielekea ukumbini, sisi wa jukwaani tukabaki na mgongo wake, na karibu nusu ya maneno yakatupita. Jamani, msimulizi anayewapa kisogo watu walio karibu naye kuliko wote, anamsimulia nani? Twende tukaangalie ngoma za huku huku kwetu. Vijana wa Kiarusha wakicheza, wanasimama nusu duara, wanaruka kwa zamu, na waliobaki wanaitikia. Anayetazama dakika hii ndiye atakayeruka dakika ijayo. Kwenye taarabu ya pwani nako msikilizaji huinuka, hucheza taratibu hadi mbele, akamtunza mwimbaji pale pale kwenye ubeti uliomgusa, na ukumbi mzima ukajua ubeti ule umempata nani. Mcheza kwao hutunzwa. Katika mifano yote miwili, ukaribu una kazi yake.

Viti vya jukwaani havikuanza jana. London ya enzi za Shakespeare, katika ukumbi wa Blackfriars, mabwana walilipia vigoda vya jukwaani ili nao waonekane. Paris, Comédie-Française iliondoa viti vya namna hiyo mwaka 1759, kwa kuwa waungwana waliovikalia walikuwa wakiwabana waigizaji. Lakini New York mwaka 2006, mchezo wa kuimbwa uitwao Spring Awakening uliwaweka watazamaji pembeni mwa jukwaa, na baadhi ya waimbaji wakakaa humo humo kati yao. Jirani yako anainuka ghafla, anaimba. Kwa hiyo kiti ni kile kile, ila kinaweza kuwa cha kuonekana au cha kushiriki. Mwongozaji lazima achague.

Wa kwetu hakuchagua. Viti vya jukwaani walipewa wageni waalikwa, walimu, na wanafunzi wachache tuliowahi tiketi. Ikawa kama meza kuu ya harusi. Walioitikia nyimbo ni wale waliosimama mlangoni: wapishi wa chuo na watoto wa jirani. Katika jaribio la tatu la kuinua nguzo, gogo liliteleza likasimama kama hatua moja kutoka kwenye miguu ya safu ya mbele, na ncha ya kamba ikaanguka pale pale. Hakuna aliyeinuka. Mama mmoja kule mlangoni akapaza sauti: "Jamani, si muwashikie!" Ukumbi ukacheka, kisha ukanyamaza kabisa.

Kwangu hicho ndicho kilele cha onyesho, na hakikuandikwa na mtu. Sauti ile ilituonyesha kwamba Patata haiangushwi na ugomvi wa wanawake peke yake. Inaangushwa pia na walioketi karibu, wanaoona kila kitu, na hawaguswi. Laiti mwongozaji angelishika jambo hilo! Badala yake taa zilizimwa upesi, likaingia tukio jingine.

Najua wapo watakaoniambia kwamba Brecht alitaka hadhira ijitenge kidogo na mchezo ili ipate kufikiri, na kwamba kumpa mtazamaji kamba ni kumlevya. Sikubali. Kamiriithu mwaka 1977 mazoezi ya Ngaahika Ndeenda yalifanywa hadharani, na wanakijiji wakawasahihisha waigizaji: hivi sivyo mzee anavyoketi, hivi sivyo kibarua anavyosema. Walishiriki huku wanafikiri. Mwaka 1982 wenzao wa kikundi hicho walizuiwa kuonyesha Maitũ Njugĩra, mchezo uliojaa nyimbo, na mwezi Machi ukumbi wao wa wazi ukabomolewa. Watawala waliogopa hadhira yenye neno. Muhando mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliopeleka sanaa za maonyesho kijijini Malya, Mwanza, mwaka 1982 na 1983, ambako wanakijiji walijadili matatizo yao na kuyaigiza wenyewe. Kumwonyesha mtunzi huyu mbele ya meza kuu iliyonyamaza ni kumpunja.

Onyesho hili lirudiwe, maana waimbaji wake ni wazuri na mpiga ngoma wake ni hodari. Lakini kabla ya kuanza, watu wafundishwe kiitikio. Bi Msimulizi azunguke kama watendaji wa ngoma wanavyozunguka. Wapishi nao wapewe viti vya jukwaani. Na gogo likiteleza, ncha ya kamba iachwe miguuni petu, taa ziwake, ngoma inyamaze, tungojwe. Tukiishika, waigizaji watalazimika kuamua papo hapo kama nguzo inaruhusiwa kusimama. Tusipoishika, wale wa mlangoni watakuwa na haki ya kutuuliza tulipandishwa jukwaani kufanya nini.