Kalamu ya Jacob Shallus

Jumamosi ya tarehe 15 Septemba 1787, wajumbe waliokuwa wakijadiliana Philadelphia tangu Mei walikubali maneno ya Katiba ya Marekani na kuagiza nakala safi ya mkono. Jumatatu walitaka kutia saini. Kazi alipewa Jacob Shallus, karani msaidizi wa Bunge la Pennsylvania, lililokuwa na ukumbi wake katika jengo lile lile walimokutana wajumbe.

Sifa ya ufasaha apewe Gouverneur Morris, ambaye siku chache kabla alizifinyanga ibara 23 zikawa saba. Sifa ya mkono ni ya Shallus: maneno kama 4,500 kwenye kurasa nne kubwa za ngozi, kwa siku mbili hivi.

Ngozi ina ukaidi wake. Imelowekwa kwenye chokaa, ikang'olewa manyoya, ikawambwa na kukwanguliwa mpaka ikawa nyembamba. Kalamu ni unyoya wa bata bukini, na ncha yake huisha haraka, kwa hiyo mwandishi huichonga tena na tena katikati ya kazi, na bado herufi zinatakiwa zilingane unene kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Lakini ngozi ina fadhila moja: wino hauzami sana ndani yake. Aliyekosea huchukua kisu kikali, akaukwangua taratibu, akalainisha pale mahali, kisha akaandika upya.

Fadhila hiyo ilihitajika. Jumatatu yenyewe, nakala ikiwa tayari, Nathaniel Gorham wa Massachusetts alitaka idadi ya watu kwa kila mbunge ishuke kutoka 40,000 hadi 30,000. George Washington, mwenyekiti aliyekuwa mkimya karibu mkutano mzima, alisimama kumuunga mkono. Nani angempinga? Basi kisu kikashuka kwenye ukurasa wa kwanza. Kwa Kiingereza arubaini na thelathini zinafanana mwishoni, na karani stadi huona mara moja kinachoweza kubaki.

Ninachokipenda zaidi kipo ukurasa wa nne, kushoto kwa saini. Hapo Shallus ameorodhesha marekebisho yake: neno dogo lililoongezwa kati ya mstari wa saba na wa nane wa ukurasa wa kwanza, "thelathini" iliyoandikwa kwa sehemu juu ya mkwaruzo katika mstari wa 15, na mengine mawili ya kuongezwa. William Jackson, katibu wa mkutano, akathibitisha kwa saini yake. Sababu ni ya kikarani kabisa. Hati ya sheria yenye mkwaruzo usioelezwa humfanya msomaji ajiulize ni nani aliyeichezea, na lini. Alama iliyoandikiwa maelezo haimpi mjanja yeyote nafasi.

Shallus alilipwa dola 30.