Uongo, Kosa na Uzushi: Tahakiki ya Lugha ya Sheria ya Dijitali ya Kongo

Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006 inaiagiza Serikali, katika ibara ya 142, kuzieneza sheria kwa Kifaransa na kwa kila mojawapo ya lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwamo, katika muda wa siku 60 tangu kutangazwa na Rais. Agizo hili laweza kuonekana kuwa ni la kuziheshimu lugha hizo tu. Mintarafu ya Sheria ya Dijitali Na. 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, hata hivyo, lina uzito mwingine, kwani neno moja la tafsiri laweza kuamua nani ahesabiwe mkosaji.

Kifungu cha 360 cha sheria hiyo kinamwadhibu yeyote anayeanzisha au kupitisha habari isiyo kweli dhidi ya mtu kwa njia ya mitandao ya kijamii au vyombo vingine vya elektroniki. Adhabu yake ni kifungo cha mwezi 1 hadi 6 na faini ya faranga za Kongo 500,000 hadi 1,000,000, au mojawapo ya hizo. Si nadharia tupu: mwanahabari Stanis Bujakera alikamatwa Kinshasa Septemba 2023, na Machi 2024 akahukumiwa kifungo cha miezi 6 katika kesi iliyohusu, pamoja na mengine, uenezaji wa habari zisizo kweli.

Ugumu unaanzia kwenye sifa ya habari yenyewe. Kifaransa kina neno moja linalobeba kosa na hila pamoja. Mfasiri wa Kiswahili hana budi kuchagua. Akiandika "habari ya uongo", au bongo kama wasemavyo wengi mashariki ya Kongo, msomaji atamtafuta mwongo, yaani mtu aliyejua ukweli akaugeuza. Akiandika "habari isiyo kweli", hata aliyekosea kwa nia njema ameingia hatiani. Vivyo hivyo, Kiswahili humtenga mzushi na mpokezi. Kifungu kinawaweka katika mizani moja.

Mathalani, mchuuzi wa Kama, katika teritwari ya Pangi, apokea kwa simu ujumbe wa sauti kwamba ofisa fulani anatoza ushuru usio halali kwenye njia ya Kindu. Anawapelekea wenzake wanaojiandaa kusafiri. Baadaye yabainika kwamba mtozaji alikuwa mwingine. Kwa Kiswahili cha kawaida mchuuzi huyu amekosea, hakuzua. Kwa maneno ya kifungu, amepitisha habari isiyo kweli dhidi ya mtu. Atakayefuata atanyamaza, na wasafiri watakwenda bila kuonywa.

Watetezi wa sheria wana hoja isiyopuuzwa. Mwaka 1994 redio ya RTLM nchini Rwanda ilidhihirisha jinsi maneno yanavyoweza kuua, na mashariki ya Kongo uvumi juu ya jirani ni hatari ya kweli. Lakini hoja hiyo yamhusu anayechochea kwa kujua. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015, ambayo adhabu zake ni kali zaidi, hutaja waziwazi katika kifungu cha 16 kwamba mchapishaji awe anajua kuwa habari si ya kweli. Kifungu cha 360 hakitaji ujuzi huo.

Wahenga walisema: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Methali hii haiuhalalishi uzushi. Inakiri kwamba habari hufika kwanza ikiwa haijakamilika, na kwamba kuichuja ni kazi ya wengi. Ibara ya 23 ya Katiba, inayompa kila mtu uhuru wa kutoa maoni, haina maana kama uhuru huo ni wa mwenye hakika peke yake. Kwa hiyo tafsiri iliyoagizwa na ibara ya 142 ingekuwa pia kipimo cha sheria. Pale Kiswahili kinapodai maneno mawili, huenda ni sheria yenyewe iliyopaswa kuwa na mawili.