Foleni Iliyohamia Kwenye Simu: Jinsi Abiria 5,600 Wanavyopanda Meli Moja Miami

Kila Jumamosi alfajiri, meli ya kitalii Icon of the Seas ya kampuni ya Royal Caribbean hurudi bandarini Miami, jimbo la Florida, ikiwa imejaa watu. Jioni ya siku hiyohiyo huondoka tena ikiwa imejaa watu wengine. Meli hiyo ilianza safari zake Januari 27, 2024. Ina urefu wa mita 365, na kila chumba kikilala watu wawili hubeba abiria 5,610. Vitanda vyote vikijazwa idadi hupanda hadi 7,600 hivi. Mabaharia na wahudumu ni 2,350. Kati ya kufunga kamba na kuzifungua kuna saa kama kumi tu, na ndani ya saa hizo maelfu hushuka na mizigo yao, maelfu hupanda na ya kwao, vyumba vyote husafishwa, na chakula cha wiki nzima huingizwa ghalani.

Anayejiandaa kwa safari ya namna hii huuliza kwanza atapataje nafasi ya kupitishwa mbele ya wenzake. Kampuni zinalijua swali hilo na zina majibu ya kuuza. Lakini ukifuatilia namna upandaji unavyoendeshwa, utaona kwamba kazi kubwa ilifanyika mbali na mlango wa waheshimiwa. Ilifanyika kwenye ratiba ya kuwasili ya abiria wa kawaida, na huko ndiko foleni ilikopunguzwa kwa kweli.

Tuanze na wanaoshuka, maana hao ndio wanaoamua saa ya wanaopanda. Katika bandari za Marekani, wafanyakazi wa meli husoma kadi ya kila anayetoka hadi hesabu ya waliobaki ifike sifuri, na wale wanaoendelea na safari inayofuata wawe wamehesabiwa peke yao. Kabla ya hapo hakuna abiria mpya anayekanyaga meli, hata awe amelipia chumba cha bei ya juu kuliko vyote. Mtu mmoja aliyelala kupita kiasi anaweza kuwazuia maelfu walioko nje, na ndiyo sababu asubuhi hiyo majina huitwa kwenye vipaza sauti tena na tena. Kwa hiyo hatua iliyoharakisha upandaji kuliko watu wanavyodhani ni kamera za kutambua nyuso ambazo idara ya Forodha na Ulinzi wa Mipaka imezifunga katika bandari kadhaa, Miami ikiwamo. Uso wa anayeshuka hulinganishwa na picha ya pasipoti au viza iliyoko kwenye kumbukumbu za serikali, na wengi hupita bila kufungua hati zao mbele ya ofisa. Dakika zinazookolewa hapo humfikia mtu ambaye bado yuko hotelini akifunga begi.

Sasa twende kwenye hesabu yenyewe, ambayo ni nyepesi. Chukua abiria 5,600 na upandaji wa saa nne, kuanzia saa 4:30 asubuhi hadi saa 8:30 mchana. Hao ni watu 1,400 kwa saa, yaani 23 kila dakika bila kusimama. Jumba la abiria bandarini likiwa na wafanyakazi, mashine za kukagulia mabegi na milango ya kutosha kwa kasi hiyo, na watu wakija kwa mtiririko huohuo, hakuna atakayesubiri zaidi ya dakika chache.

Tuseme nusu yao waje katika saa ya kwanza. Watu 2,800 wamefika, 1,400 wamepita, na 1,400 wamesimama. Wa mwisho kati yao atasubiri saa nzima ingawa wafanyakazi hawajapumzika hata kidogo. Mabaya hayaishii hapo. Hata kama nusu ya pili itakuja kwa utaratibu mzuri katika saa tatu zilizobaki, watu 930 hivi kila saa, jumba litapunguza foleni kwa watu wapatao 470 tu kwa saa. Piga hesabu: itakwisha saa 8:30, upandaji unapofungwa. Msongamano wa saa moja ya asubuhi huishi mchana kutwa, na anayeulipia ni yule aliyekuja saa 7 akidhani amewakwepa wenzake.

Na watu huja asubuhi kwa sababu za haki kabisa. Siku hiyo wameilipia. Chakula cha mchana kiko ndani ya nauli, mabwawa ya kuogelea bado hayajajaa, na meza za mikahawa huwahiwa. Isitoshe, hoteli nyingi huwataka wageni waondoke ifikapo saa 5 asubuhi, na mtu mwenye watoto wawili na mabegi manne hana mahali pengine pa kwenda ila gatini. Kumlaumu kwa kuwahi ni kumwonea. Anahitaji kujulishwa mapema aje saa ngapi ili aipange siku yake.

Hilo ndilo lililofanywa. Royal Caribbean hufungua usajili siku 45 kabla ya safari. Abiria huingiza taarifa za pasipoti kwenye simu, hujipiga picha ya uso, huweka kadi ya malipo, kisha huchagua zamu ya kuwasili. Kila zamu ina idadi yake. Ikijaa huondoka kwenye orodha. Kazi iliyokuwa ikifanywa kwenye kaunta, mtu mmoja mmoja, mbele ya karani anayeandika jina na kupiga picha, imehamia sebuleni kwa abiria wiki kadhaa kabla. Jumba la kampuni hiyo bandarini Miami, Terminal A, lililofunguliwa Novemba 2018, hutumika kwa mtindo huo: wahudumu wenye vishikwambi husogea walipo watu, husoma msimbo ulioko kwenye simu, hulinganisha uso na picha, basi. Hata kadi ya chumba haigawiwi tena jumbani. Humngoja mwenyewe mlangoni pa chumba chake.

Zamu za kuwasili zilikuwepo kwenye baadhi ya kampuni hata kabla ya 2020, lakini wengi walizichukulia kama ushauri tu. Kilichozipa nguvu ni ugonjwa wa UVIKO-19. Safari kutoka Marekani ziliporejea katikati ya 2021, msongamano jumbani ulikuwa umekuwa jambo la afya ya watu, na aliyekuja kabla ya muda wake aliambiwa asubiri nje. Ugonjwa ulipungua, utaratibu ukabaki. Usimamizi wake haulingani bandari kwa bandari, na hapo ndipo mfumo mzima unaposimama au kuanguka. Mlinzi wa mlango akimruhusu wa saa 7 aingie saa 5, jioni yake habari imeshaenea, na wiki inayofuata kila mtu anakuja saa 5.

Kuna badiliko jingine ambalo mara chache hutajwa pamoja na haya, nalo lilitokana na msiba. Januari 13, 2012, meli Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, na watu 32 wakafa. Abiria karibu 700 waliopandia Civitavecchia siku hiyohiyo hawakuwa bado wamefanya zoezi la kujiokoa. Kanuni za kimataifa za usalama baharini zilirekebishwa, na tangu Januari 1, 2015 zoezi hilo lazima lifanyike kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, lakini uliwalazimu maelfu ya watu kukusanyika kwa pamoja kabla ya safari, huku milango ya kupandia ikiwa bado inawapokea waliochelewa. Julai 2020 Royal Caribbean ilitangaza njia nyingine: abiria atazame maelezo kwenye simu au runinga ya chumbani, kisha aende kwa wakati wake hadi kituo chake cha kukusanyikia, akaonekane na kusajiliwa. Mkusanyiko mmoja ukageuka mfululizo wa watu wachache wachache mchana kutwa. Anayepanda mapema hulimaliza zoezi kabla ya chakula. Anayepanda mwisho hupata muda uleule bila kuusimamisha umati.

Sasa nirudi kwenye kipaumbele. Kampuni ya Carnival huuza huduma iitwayo Faster to the Fun, kwa idadi maalumu katika kila safari. Wateja wake wa siku nyingi wa ngazi za juu hupata kipaumbele bila kulipia, na hata wale wa vyumba vikubwa. Kampuni nyingine zina mipango inayofanana na hiyo. Leonard Kleinrock, mmoja wa wataalamu waliojenga elimu ya foleni katika miaka ya 1960, alithibitisha kanuni ambayo kila mnunuzi angefaa kuijua: kasi ya wahudumu isipobadilika, kumpitisha mmoja mbele hakuondoi kungoja, kunakuhamisha. Dakika alizookoa aliyetangulia zimebebwa na walioko nyuma yake.

Kwa hiyo swali la maana ni wangapi wamepewa kipaumbele. Kwa kasi yetu ya watu 23 kwa dakika, kundi la watu 200 hupita katika dakika tisa, na wa nyuma hawalihisi sana. Kundi la watu 1,400 huhitaji saa nzima, na mle ndani mwenye kipaumbele wa mwisho anasubiri saa moja akiwa na tiketi ya heshima mkononi. Hili hutokea hasa kwenye safari zinazopendwa na wateja wa zamani, ambapo mstari wa wachache huwa mrefu kuliko wa kawaida. Kampuni inayogawa cheo hicho kila mwaka bila kuhesabu uwezo wa jumba lake inauza kitu ambacho haina.

Nyakati zilizopita heshima ilikwenda kinyume na hivi. Aprili 10, 1912, meli Titanic ilipoondoka Southampton saa 6 mchana, treni ya abiria wa daraja la pili na la tatu kutoka London ilikuwa imefika gatini saa 3:30 asubuhi. Ya daraja la kwanza ilifika saa 5:30. Maskini walitangulia kwa sababu walikuwa na ukaguzi wa kiafya uliodaiwa na sheria za uhamiaji za Marekani, na tajiri alichonunua ni ruhusa ya kuja dakika za mwisho. Leo mwenye fedha hununua saa za mwanzo kwa sababu meli yenyewe ndiyo matembezi, na kila saa ndani yake ni bidhaa.

Lakini saa hizo za mwanzo zina upungufu mmoja mkubwa. Vyumba vingi havifunguliwi hadi saa 7 mchana au zaidi kidogo, kwa kuwa watu wale wale walioaga wa asubuhi ndio wanaotandika kwa wa mchana. Aliyepanda saa 5 huzunguka na begi la mkononi, na hukuta ukumbi wa chakula umejaa waliowahi kama yeye. Ndiyo maana, katika vyote vinavyouzwa chini ya jina la kipaumbele, ninachokiona kina thamani ya kweli ni ruhusa ya kuingia chumbani mapema, ambayo Carnival huijumuisha kwenye huduma yake. Mtu mwenye mtoto mchanga anayetaka kulala, au mzee aliyetoka kwenye ndege ya usiku, anakihitaji chumba kuliko nafasi ya mbele kwenye mstari. Ningependa kuona ruhusa hiyo ikitolewa kwanza kwa watu wa aina hiyo, pamoja na wanaotumia viti vya magurudumu, kisha zinazobaki ziuzwe.

Upande wa pili wa siku una ukuta. Sheria ya Marekani inazitaka meli zipeleke orodha kamili ya waliomo kwa idara ya forodha na mipaka dakika 60 kabla ya kuondoka. Baada ya hapo kampuni haina jina la kuongeza, na ndiyo sababu usajili hufungwa saa moja hadi saa moja na nusu kabla ya safari. Anayepanga ndege itakayotua siku hiyohiyo anacheza na ukuta huo.

Kwa wasomaji wetu walioko Texas, Minnesota au Toronto, kuna jambo moja la ziada. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Kongo, hata akiwa na kadi ya ukaazi, mara nyingi hatapitishwa kwa uso na simu peke yake. Karani lazima azione hati kwa macho: pasipoti, kadi, na viza ya kila nchi inayohitaji, kwa kuwa meli huwajibika ikimbeba asiyeruhusiwa kushuka. Dawati hilo lina watu wachache na kila mmoja huchukua muda. Kwa hiyo yeye, hata kama hajali bwawa wala chakula cha mchana, achague zamu ya mapema mara usajili unapofunguliwa. Kasoro ya viza ikionekana saa 5 asubuhi, bado kuna nafasi ya kumpigia wakala, kutafuta nakala, kumwita msimamizi. Ikionekana saa 8:15 mchana, mabegi yatarudishwa kwenye teksi.