Bastola ya Muturi: Suala la Muasi wa Kuigwa katika Shetani Msalabani

Ngugi wa Thiong'o aliiandika riwaya hii mwaka 1978 juu ya karatasi za msalani, akiwa kizuizini Kamiti, si mbali na Ruiru. Ilitoka kwa Kigikuyu mwaka 1980, na kwa Kiswahili mwaka 1982. Jamii inayosawiriwa humo imepinduka: pangoni Ilmorog wezi wanashindania taji la wizi, na Gitutu wa Gataanguru anapendekeza udongo na hewa vitiwe mikebeni viuzwe. Msomaji wa Thika, aliyezoea kuona mananasi yakifunika ardhi hadi upeo wa macho, haoni kwamba hiyo ni njozi tupu.

Je, katika jamii ya namna hiyo Wariinga ni muasi wa kuigwa? Ni rahisi kujibu ndiyo, kwa kutaja risasi anazompiga mzee tajiri wa Ngorika mwishoni. Kwetu sisi, huo ndio ushahidi dhaifu. Uasi wenye uzito umekwisha kutendeka kabla, tena kwa spana. Karani aliyefukuzwa kazi kwa kumkataa bosi wake anasomea ufundi wa mitambo, anaingia gereji inayoendeshwa kwa ushirika wa mafundi, na wanaume waliomcheka wanamheshimu. Kisha kiwanja cha gereji kinauzwa ili ijengwe hoteli ya watalii. Hapo ndipo palipostahili mapambano. Mwandishi anawaacha mafundi njiani, anamfuata Wariinga peke yake hadi kwa wazazi wa mchumba wake, Gatuiria.

Bastola yenyewe aliwekeshwa na Muturi, mfanyakazi. Ni amana ya wengi iliyolipia deni la mmoja. Itadaiwa kuwa mzee yule ni tabaka, si mtu. Lakini ndiye aliyemtia mimba Wariinga akiwa mwanafunzi, akamtelekeza. Msomaji hufurahia kisasi (na furaha hiyo ni halali), siyo mapinduzi.

Tofauti inaonekana katika Matigari, riwaya ambayo serikali ya Kenya iliziondoa nakala zake madukani mwaka 1987, dalili kwamba dola nayo iliamini kuwa mhusika wa kubuni huweza kufuatwa. Humo silaha zinafukuliwa na kijana Muriuki, naye anasikia sauti za wafanyakazi na wakulima. Wariinga anaondoka peke yake. Gatuiria amesimama, hajui amfuate nani.