Uganga na Bei Yake

Katika mchezo wa kuigiza wa mezani, wachezaji huvaa nafsi za wahusika wa kubuni, msimamizi akawasimulia ulimwengu wao, na dadu ikakata shauri pale ambapo maneno hayatoshi. Tangu Gary Gygax na Dave Arneson walipochapisha Dungeons & Dragons nchini Marekani mwaka 1974, wapo wachezaji wasioridhika na kanuni za kitabuni, nao hujitungia mifumo ya uganga pamoja na fani, yaani mafungu ya uwezo na mipaka ambayo mchezaji humchagulia mhusika wake. Ustadi wa utunzi huo hujulikana kwa bei ambayo muujiza unatozwa, wala si kwa ukubwa wake. Gygax mwenyewe aliazima kwa mwandishi Jack Vance kanuni ya kwamba maneno ya uganga yakishatamkwa hufutika akilini.

Mtunzi wa Kericho au Bomet, nchini Kenya, ana kielelezo kizito zaidi. Miongoni mwa Wakipsigis na jirani zao Wanandi, orkoiyot, kiongozi wa kiroho kutoka ukoo wa Talai, alitabiri mambo na kuwabariki wapiganaji kabla ya kwenda kuteka ng'ombe, naye akapata fungu lake katika mateka. Hata hivyo, uwezo huo ulisimama juu ya imani ya watu: Kimnyole, orkoiyot wa Wanandi, aliuawa na watu wake mwenyewe mwaka 1890, walipombebesha lawama za maafa yaliyowapata. Serikali ya kikoloni nayo iliuhofu uwezo huo kiasi cha kutunga sheria mwaka 1934 na kuwahamishia Talai wa Kipsigis Gwassi, kando ya Ziwa Victoria.

Kutokana na historia hiyo yaweza kutungwa fani ya mtabiri ambaye nguvu zake ni alama za imani zinazotunzwa na kijiji. Akitabiri kwamba mvua ya mawe haitachana majani ya chai, huweka rehani alama tatu na kurusha dadu yenye nyuso 20. Akipata chini ya 11, chai huharibika na alama hupotea, na zikimwishia, wazee humwita barazani ajibu. Jina la ukoo halifai kuwekwa mchezoni, kwa kuwa wazao wake wapo na madai yao ya ardhi yapo; kinachoazimwa ni uhusiano kati ya mwenye uwezo na wanaomwamini. Mtunzi anayepanga uhusiano huo kwa kanuni chache zilizo wazi huwafanya wachezaji wapime, kila dadu inaporushwa, ni nani atakayelipa.