Mtungaji Ndani ya Bendi: Muhidin Gurumo
Muhidin Maalim Gurumo aliimba katika NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi iliyoundwa mwaka 1964, na katika Mlimani Park ya mwaka 1978, iliyotumbuiza ukumbini DDC Kariakoo. Aghalabu wahakiki huupima wimbo wa dansi kwa vina na mizani, wakauona pungufu. Kipimo hicho hakitoshi. Utungo wa dansi hukamilishwa na kiitikio, gitaa na tarumbeta. Na hapo ndipo jina la bendi humeza jina la mtungaji. Gurumo alistaafu mwaka 2013, akafariki Aprili 2014. Msiba huo watudai kazi: tuziandike nyimbo hizi, kila moja na mtungaji wake, kabla wanaoyakumbuka majina hayo hawajatutoka nao.